Aliyezikwa Mwisho wa Uwanja wa Ndege

Siku Ruweyda alipotuambia kwamba yeye na wadogo zake wa kiume wametulipia hija, nilipiga kigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakashtuka. Nililia, nikacheka, nikamkumbatia mwanangu, nikawapigia simu dada zangu wa Wajir mmoja baada ya mwingine nikiwaambia jambo lile lile. Tangu niolewe nimekuwa nikiomba dua hiyo. Nilipogeuka ili nifurahi na mume wangu, Hared alikuwa ameweka kikombe cha chai chini, macho yake kwenye mkeka. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekataa sukari, kwamba nendeni nyinyi, yeye haendi.

Nilidhani hajasikia vizuri, maana sikio lake la kushoto ni bovu. Nikarudia. Akarudia na yeye. Ruweyda, kifungua mimba wetu, mwalimu wa sekondari aliyezoea kunyamazisha watoto hamsini kwa jicho moja, alibaki mdomo wazi.

Watu watasema ningeweza kwenda na mmoja wa wanangu wa kiume akawa maharimu wangu. Ndiyo, ningeweza. Sikutaka. Mwanamke anavumilia maisha ya mwanajeshi, leo yuko, kesho hayupo, halafu uzeeni aende nyumba ya Mungu na mtoto kama mgonjwa anayepelekwa hospitali? Nilitaka kwenda na Hared. Na ajenti wa hija alikuwa ametupa muda mfupi tu wa kupeleka pasipoti.

Nimjulishe kidogo huyu Hared wangu. Ni mtu wa Tarbaj, mrefu, mkavu, mwenye mzaha. Jeshi lilimchukua akiwa kijana, na mimi alinichukua hapa Garissa akanipeleka Nanyuki, kwenye laini za kambi, zile safu za nyumba za askari. Kiswahili changu nilikipatia huko. Nilifika nikiita pilau “bilau”, na wake wa wanajeshi wakacheka mpaka wakakaa chini. Nilipoondoka nilikuwa nawagombeza kwa Kiswahili chao wenyewe.

Mwaka wa tisini na tatu, Ruweyda akiwa bado ananyonya, walimtuma Kroatia na kikosi cha Umoja wa Mataifa, wale wa kofia za bluu. Wenzake wengi waliwekwa barabarani na vijijini. Kundi lake lilipewa uwanja wa ndege za kivita uliokuwa bondeni, katikati ya milima. Ndege zilizobaki pale zilikuwa mbovu, silaha zimefungiwa, na kazi yao ilikuwa kuhakikisha hakuna kitu kinachotoka.

Hadithi za uwanja huo nazijua kama ninavyojua jiko langu. Kuna ile ya asubuhi ya kwanza ya theluji, alipowagombeza wapishi akidhani wamemwaga unga njia nzima. Kuna ile ya ndege isiyo na injini ndani ya banda. Maafisa wakiondoka, askari walikuwa wakipanda mmoja mmoja, wanashika usukani na kujirusha nyumbani kwao. Mmoja anakwenda Kericho, mwingine Kitui, na Hared yeye anatua Tarbaj mbele ya ofisi ya chifu na kuwatawanya ngamia. Kuna ile ya mchungaji mzungu aliyekuwa akivusha kondoo kwenye lami ya uwanja kila siku. Alikuwa akiwaswaga vibaya, walemavu mbele, wanaonyonyesha nyuma, na Hared akashindwa kuvumilia. Akaacha lindo lake akaenda kumwonyesha. Alibebeshwa magunia ya mchanga siku tatu kwa kosa hilo, na mpaka leo anasema mkubwa wake hakujua mifugo. Na kuna ile ya shali yangu nzito aliyoivaa kiunoni chini ya sare kipindi chote cha baridi, na daktari wa kambi akamuuliza kama ana jeraha.

Anazisimulia kwa Korane, mwenye kibanda cha chai karibu na msikiti wetu hapa Bulla Sheikh, na wazee wenzake wanacheka kama wanazisikia mara ya kwanza. Mimi nikipita na kapu langu la maziwa nasikia amefika wapi, na kutokana na hapo najua atarudi nyumbani saa ngapi. Nilidhani nazijua zote.

Siku mbili baada ya yale maneno yake nilimfuata kwenye zizi la mbuzi nyuma ya nyumba, alikokuwa akitia miba mipya kwenye ua. Alianza na visingizio. Mara mbuzi wataachiwa nani, mara magoti, mara joto. Nikamwambia joto la Makka na la Garissa ni mtu na dada yake, na mbuzi wana mpwa wake Billow, na magoti yake yanamfikisha kwa Korane mara nne kwa siku bila kulalamika. Nikamwambia pia kwamba nimemfuata Nanyuki, nimemfuata Gilgil, nimerudi naye hapa, sijawahi kumuuliza kwa nini. Leo namuuliza.

Akaweka panga chini. Akakaa juu ya dumu la maji, mimi nikakaa juu ya gogo, na akanisimulia hadithi ya uwanja ule ambayo sikuwa nimewahi kuisikia.

Ilikuwa mwezi wa tatu. Alikuwa zamu ya asubuhi kwenye lango dogo, kule mwisho kabisa wa lami. Akamwona mzee anatoka msituni, koti limelowa, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Nyuma ya mlima ule ndiyo Bosnia, na huko vita vilikuwa vimepamba moto. Mzee akafika kwenye waya, akainua mikono. Amri ilikuwa hakuna raia kuingia. Hared alifungua.

Alimwingiza kwenye kibanda cha lindo, akamsogeza kwenye jiko, akampa chai. Hawakuwa na lugha hata moja ya kuelewana. Lakini mzee aliona tasbihi ya Hared ikining'inia kwenye msumari. Akaionyesha kwa kidole, akaweka mkono kifuani, akasoma shahada kwa lafudhi ambayo Hared hajawahi kuisikia tena. Hared akaisoma na yeye. Basi mzee akamshika mkono, akakataa kuuachia. Daktari alikuwa upande wa pili wa uwanja. Alipofika, mkono ulikuwa bado umeshikwa, lakini mwenyewe alikuwa amekwenda.

Hakuwa na kitambulisho. Wakubwa wakaita kwa redio, na wenyeji wa upande ule wakajibu kwamba huyo si mtu wao, afukiwe hapo hapo. Waislamu kwenye kundi lao walikuwa watatu tu: Hared, kijana wa Kwale na mwingine wa Isiolo. Hao wawili hawakuwahi kuosha maiti. Hared alikuwa amesaidia kumwosha babu yake, basi yeye akawa ndiye shehe. Walichemsha maji kwenye sufuria kubwa ya jikoni, wakamwosha inavyotakiwa. Sanda hakuna. Mkuu wa kundi, Mkristo wa Machakos, ndiye aliyewatolea mwavuli wa kitambaa cheupe kutoka bandani, ule ambao ndege ya vita hufungua nyuma yake ikitua ili isimame. Yaani walinzi waliopelekwa kulinda kitu kisitoke, wakakitoa wenyewe. Hared alipofika hapo alitabasamu kidogo, halafu uso ukarudi ulikokuwa.

Kesho yake alfajiri wakachimba nje ya lami, ardhi imeganda, wakatumia sururu. Ulipofika wakati wa kumlaza, wenzake wakamuuliza kibla ni wapi. Hared hakufikiri hata kidogo. Jua la asubuhi lilikuwa limeshatoka mlimani. Akaliweka kwenye bega lake la kulia, akatazama mbele, akasema ni huku.

Kila mtu wa huku kwetu angefanya vivyo hivyo. Mtoto wa mchungaji akiachwa porini Hadado peke yake na mbuzi, hana msikiti, hana saa, anachofundishwa ni hicho: asubuhi jua liwe bega la kulia, jioni liwe la kushoto, na uso wako umeshaelekea Makka. Sisi kibla yetu ni kaskazini, moja kwa moja, haipindi. Hared alikuwa amesali hivyo tangu ajue kusema. Akamlaza mzee kwa ubavu wa kulia, kichwa mashariki, akamfungulia mafundo ya sanda, akaliweka shavu lake kwenye udongo, uso kaskazini. Wakamsalia. Aliniambia kwamba siku ile alijiona mwanamume.

Wiki chache baadaye walikuja askari wa Jordan kuleta vifaa. Adhuhuri wakapanga safu wasali, na Hared akaenda kujiunga nao. Akakuta wamegeuka upande mwingine kabisa. Alidhani wanamtania. Afisa wao, mtu mpole, akamtolea ramani akamwonyesha kwa kidole: Makka hii hapa, na sisi tuko hapa, juu yake. Hared akaenda kuomba ruhusa ya kulifungua kaburi, akakataliwa, na kabla hajapata njia nyingine kundi lao likahamishwa. Hakuliona tena.

“Kaltun,” akaniambia, “mtu amevuka mlima mzima, amenipa mkono wake, na mimi nimemlaza ameipa Kaaba mgongo. Mimi nitakwenda kusimama mbele ya Kaaba hiyo na uso gani?”

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo mtaa mzima ulikuwa ukilisema chini chini. Mazishi yakitokea, Hared ndiye wa kwanza kushika jembe. Anachimba kuwashinda vijana. Lakini maiti ikifika, anatoka shimoni. Hajawahi kumlaza mtu, hata mamake mzazi. Wengine walisema ni maringo ya jeshi, na mimi nilikuwa nikimtetea, watu waseme wanavyotaka, bila kujua namtetea kwa lipi.

Sitaficha, nilikasirika. Nilimwambia amekaa na jiwe tumboni miaka thelathini, kitanda kimoja na mimi, halafu ananisimulia habari za kondoo. Nikaingia jikoni nikapigapiga sufuria. Baadaye hasira ikaisha ikabaki huruma, na huruma ikaniuma kuliko hasira.

Nilimpeleka kwa Sheikh Guled, imamu wetu. Sheikh alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba aliyejitahidi akakosea hana dhambi, bali ana thawabu ya juhudi yake, na kwamba yule mzee alikufa na shahada mdomoni, basi asiwe na shaka naye. Nikamtazama Hared, nikasema moyoni alhamdulillahi, yamekwisha.

Wapi. Hared alimshukuru sheikh kwa adabu zote, kisha akasema kwamba msamaha wa Mungu anauamini. Lakini haki ya Mungu ni moja na haki ya mja ni nyingine, na ya mja anaisamehe mja mwenyewe. Huku kwetu mtu akitaka kwenda hija anazunguka kwanza nyumba hadi nyumba, kwa jamaa, kwa majirani, hata kwa mtu aliyewahi kutukanana naye sokoni, anawaambia “i cafi”, nisameheni. Nafsi yake inasafiri ikiwa nyepesi. Hared akamuuliza sheikh: “Nyumba ya huyo mzee nikaipigie hodi wapi?”

Mimi nilikuwa na jibu, ila sikulisema pale.

Nilimwendea Ruweyda shuleni kwake, nikamwambia kila kitu, nikamwamuru atafute kwenye hiyo mitandao yao. Kama watu wanaweza kutafuta rafiki wa darasa la kwanza wakampata Kanada, hawawezi kupata jamaa wa maiti mmoja? Ruweyda alisema hooyo, mama, si rahisi hivyo. Nikamwambia sikumsomesha kwa yale yaliyo rahisi. Akapata ukurasa mmoja ambao askari wa misheni ile, wa nchi zote, wanaweka picha zao za zamani, na watu wa huko pia huingia kuulizia jamaa zao waliopotea. Akaweka picha ya babake akiwa kijana mbele ya banda la ndege. Akaandika kwa Kiingereza: mzee, mwezi wa tatu, lango la mwisho wa lami, mguu mmoja hauna kiatu. Nikamwambia aandike na mwavuli, na aandike na kibla, asipake rangi kitu.

Tukangoja. Ajenti alipiga simu kuuliza pasipoti, nikamwambia zimo njiani. Akapiga tena, nikamwambia mtoto amekwenda kupiga nakala. Mpaka kufikia wiki ya pili nilikuwa naomba toba kila nikikata simu. Hared hakujua lolote. Alitia miba kwenye zizi lisilohitaji miba, na kwa Korane alikuwa hasimulii tena. Nilianza kuogopa kwamba nimemfukunyua kidonda bure.

Ijumaa moja baada ya alasiri Ruweyda aliingia mbio, viatu miguuni, akapita juu ya mkeka. Sikumgombeza kwa sababu niliona uso wake. Kulikuwa na mtu aliyejibu. Alikuwa Bosnia, na alikuwa tayari kuzungumza sasa hivi.

Tulimwita Hared kutoka uani tukamketisha. Ruweyda akamwambia, “Aabo, huyu ni mtoto wa yule mzee,” akamwekea simu mbele. Kwenye kioo kulikuwa na mtu wa rika letu, masharubu meupe, na mkewe nyuma yake amesimama na sinia la kahawa ambalo hakulitua mazungumzo yote. Anaitwa Safet. Alikuwa dereva wa basi, sasa amestaafu. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza na cha Hared ni cha jeshi, basi Ruweyda akawa anajazia katikati na kunitafsiria mimi.

Hared hakungoja hata kusalimiana vizuri. Alisema, “Mimi ndiye niliyemlaza baba yako vibaya. Naomba unisamehe.”

Safet hakulijibu hilo. Alitaka kwanza kujua baba yake alikufaje. Kama alikuwa peke yake. Kama alipigwa. Hared akamsimulia: kibanda, jiko, chai, tasbihi, shahada, mkono. Aliposema kwamba mkono haukuachiwa mpaka mwisho, yule mtu alifunika uso wake kwa viganja vyote viwili. Mkewe akamshika bega kwa mkono uliobaki. Mimi nilikuwa nalia, na Ruweyda alikuwa nusu anatafsiri nusu analia.

Safet alipopata sauti alituambia kwamba baba yake aliitwa Omer, mfuga nyuki, na kwamba alipotea siku kijiji chao kilipochomwa. Vita vilipokwisha, watu wa kutegua mabomu walipita kwenye uwanja ule wakalikuta kaburi. Safet akaitwa. Akamtambua kwa mfupa wa mguu uliowahi kuvunjika na kuunga vibaya. Wakamchukua wakamrudisha kijijini, wakamzika upya kando ya mkewe, imamu wao akasimamia. Hayo yalitokea Ruweyda akiwa hajaanza shule.

Hared alikuwa kama mtu aliyeamshwa ghafla.

“Kwa hiyo hayupo pale?”

“Hayupo.”

“Na huko kijijini, amegeuzwa?”

“Amegeuzwa. Mimi mwenyewe nilishuka kaburini.”

Mume wangu akauliza tena, na tena, mpaka Ruweyda akamshika goti. Miaka yote ile alikuwa akimlilia mtu aliyelala sawasawa kwao. Akaegemea ukuta, akavuta pumzi moja ndefu, nikaona mabega yake yanashuka. Sikujua kwamba mabega yake yalikuwa juu mpaka nilipoyaona yanashuka.

Lakini Safet alikuwa hajamaliza. Alisema na yeye ana lake, na ndilo lililomfanya aulizie kwenye kila ukurasa wa askari wa misheni ile.

“Nilipoliona kaburi,” akasema, “niliona amepewa Kaaba mgongo. Nikasema huyu ni adui aliyemfanyia dhihaka. Nikamlaani. Nimekulaani mwaka mzima, kila baada ya sala.”

Ruweyda alisita kutafsiri. Hared akamwambia amesikia, aendelee.

Imamu wao ndiye aliyemtuliza Safet. Alimwambia hii haiwezi kuwa dhihaka. Mzee amevikwa sanda, amelazwa ubavu wa kulia, mafundo ya sanda yamefunguliwa. Adui hafungui mafundo. Huyu aliyemzika ni Mwislamu aliyejua kila kitu isipokuwa upande. Safet akakaa na maneno hayo siku nyingi, mpaka jioni moja, mwanawe akiwa anafanya kazi za shule, akaiona ramani ya dunia mezani. Akajiuliza ni nani katika wale askari ambaye kwao Makka iko kaskazini. Wafaransa, hapana. Wacheki, hapana. Wajordani, hapana. Akaweka kidole kwenye Makka, akakishusha moja kwa moja chini, kikaingia Kenya.

“Siku hiyo nilijua umemwelekeza baba yangu unakosali wewe,” akasema. “Mimi nilimlaani mtu aliyemwosha. Wewe ndiye utakayenisamehe.”

Kwetu wanaume hawalii mbele ya binti zao. Hared alilia. Alilia bila kujifuta, akasema nimekusamehe, nimekusamehe duniani na akhera, na mimi je? Safet akasema yeye alishasamehe siku ile ya ramani, ila hakujua ampelekee nani. Halafu wote wawili wakawa wanatazamana tu kwenye simu na kutikisa vichwa, mpaka mke wa Safet akalitua lile sinia na kuuliza kama huku kwetu kuna baridi. Ruweyda akamtafsiria babake. Hared akacheka, kicheko kile cha kwa Korane, nikasikia raha mwili mzima.

Simu ilipokatika alikaa kidogo, akaniuliza ajenti anafunga lini. Nikamwambia ajenti amechoka na uwongo wangu, na pasipoti zote mbili ziko kwake tangu wiki iliyopita, maana sikuwa mjinga wa kungoja ruhusa. Alinitazama. Akaenda kutia udhu.

Wiki iliyofuata alianza kuzunguka. Alikwenda kwa Korane akaomba radhi kwa kuisema vibaya chai yake. Korane akamuuliza ni mara ipi, kwa sababu ziko nyingi. Alikwenda kwa Duale, jirani wa nyuma, waliyegombana kuhusu ukuta, wakaagana wakiwa wameshikana mikono na ukuta ukiwa pale pale. Alisafiri mpaka Tarbaj kwa jamaa zake, akazuru kaburi la mamake, akarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Siku aliyorudi kulikuwa na msiba mtaani, na nilisikia kwa watu kwamba alishuka shimoni akampokea maiti kwa mikono yake.

Jioni ile aliingia ndani akakaa mbele yangu. Nilijua zamu yangu imefika. Na mimi, walaahi, nilikuwa nimejiandaa. Nilipanga kuanza na Nanyuki, siku aliyoniacha na mtoto mwenye homa akaenda mazoezini, nishuke taratibu mpaka kwenye zizi la mbuzi, na kila kosa nilipe nafasi yake.

“Kaltun,” akasema, “umeishi na mtu ambaye nusu yake ilibaki kule mwisho wa uwanja. Ukampikia, ukamzalia, hukujua. I cafi.”

Nikafungua mdomo nianze na Nanyuki, kikatoka kitu kingine.

“Umerudi?” nikamuuliza.

“Nimerudi.”

Nikamwambia basi, nimemsamehe, avue viatu tule.